Rangi Iliyomeza Maneno

Kitu cha kwanza alichokiona Yuliana jioni ile ni kiatu. Mama mdogo wake, Benedicta, alikuwa amerudi kutoka kazini, amevua kiatu kimoja tu, kingine bado kiko mguuni, na tayari ameketi mbele ya kompyuta. Mkoba ulikuwa ungali begani. Hata hodi hakupiga.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba, Yuli. Umeme umerudi saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Nimekuwekea maji ya kuoga."

"Yatanisubiri. Umeme hausubiri mtu."

Ndivyo zilivyokuwa jioni zao pale Mbagala mwaka ule wa mgawo wa umeme. Ukikatika, nyumba nzima ililala doro. Ukirudi, kila mpangaji alikimbilia lake: huyu pasi, yule redio, mwingine friji ya kugandisha barafu za kuuza. Benedicta alikimbilia kompyuta. Ilikuwa ya zamani, rangi yake nyeupe imegeuka kama chai ya maziwa. Mchana Yuliana aliifunika kwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie.

Yuliana alikuwa na miaka kumi na minne. Alitoka Masasi kuja kumsaidia mama mdogo kazi za nyumbani. Shule aliiachia darasa la tano, mwaka ambao mama yake aliugua, na pale Mbagala hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo. Alikuwa msichana wa aibu. Dukani aliagiza chumvi kwa sauti ndogo mpaka muuza duka akamwambia, "Binti, unaniagiza mimi au unaiagiza hiyo meza?"

Benedicta alikuwa mchapaji katika ofisi moja ndogo ya kompyuta, Kinondoni. Ofisi ilichapa barua na kadi za harusi, na siku hizo ilikuwa imeanza kutengeneza tovuti, yaani kurasa ambazo mtu wa mbali angeweza kuzisoma kwenye kompyuta yake kupitia mtandao. Mteja wao wa kwanza alikuwa mwenye hoteli ya Mbezi Beach. Mteja huyo alikuwa mtu wa kubadili mawazo. Leo vichwa vya habari viwe vya bluu, kesho viwe vya kijani. Kila akibadili, dada wa ofisini aitwaye Zubeda alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine na kubadili rangi kwa mkono, mpaka macho yakatoka machozi.

Benedicta aliposoma kwamba rangi zote zinaweza kuandikwa mahali pamoja, katika kile kinachoitwa karatasi ya mitindo, usingizi ulimpaa. Alitaka kutengeneza programu ndogo ya kuandika karatasi hiyo, ili hata mtu asiyejua lugha ya kompyuta aweze kuitumia.

Mwenye ofisi, Mzee Kondo, alimsikiliza huku akijipepea kwa gazeti. "Chukua ile kompyuta ya stoo," alimwambia. "Programu yako ikifanya kazi mikononi mwa Zubeda, utaacha kuchapa barua, utasimamia kazi zote za tovuti. Ikishindikana, kompyuta irudi, na habari hizo tuzizike."

Siku ya kuionyesha ilikuwa Jumamosi.

"Njoo, Yuli," Benedicta aliita, akivua kile kiatu cha pili kwa kidole cha mguu. "Shuleni kwenu Masasi mlivaa nini?"

"Sketi ya bluu na shati jeupe."

"Nani aliamua?"

"Mwalimu mkuu."

"Alipita nyumba kwa nyumba akimshonea kila mtoto?"

Yuliana alicheka. "Hapana. Alitoa tangazo."

"Tangazo moja. Na siku akisema sketi ziwe za kijani?"

"Wote wanabadilisha."

"Basi. Kurasa za tovuti ni hao watoto. Karatasi ya mitindo ndiyo tangazo la mwalimu mkuu. Na hii programu yangu ni karani wake. Wewe unachagua rangi, yeye anaandika tangazo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Hilo la sketi Yuliana alilielewa kweli. Yaliyofuata ndiyo yaliyomshinda.

Kioo cha kompyuta kiligawanyika sehemu mbili. Upande wa kushoto palikuwa na visanduku vya rangi na vya ukubwa wa herufi. Upande wa kulia palikuwa na ukurasa wa mfano, wenye kichwa cha habari, maandishi, na rangi ya nyuma ambayo Benedicta aliiita ukuta. Mama mdogo alishika kipanya, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, haraka haraka, na kichwa cha habari kikawa cha bluu. Akabonyeza tena, ukuta ukawa wa manjano hafifu. "Rahisi, siyo? Umeelewa?"

"Nimeelewa, ma'mdogo."

Kwa nini bluu ilikwenda kwenye kichwa cha habari na si kwenye ukuta, Yuliana hakujua. Lakini alikuwa ameuangalia ule mkono. Bonyeza juu, kisanduku cha tatu. Bonyeza chini pembeni, kisanduku cha tano. Kisha kitufe cha mwisho. Akaushika mwendo ule kichwani kama alivyozoea kushika jedwali la kuzidisha la saba, kwa kuliimba, bila kujua saba zile zinatoka wapi. Alipopewa kipanya, alirudia vilevile. Bluu juu, manjano nyuma.

Benedicta alipiga makofi. "Yuli ameweza! Kama wewe umeweza, nani atashindwa?"

Darasani kwao Masasi walikuwa wengi, wamebanana kwenye madawati. Mwalimu akimaliza kueleza aliuliza, "Mmeelewa?" na darasa lote likaitikia, "Ndiyooo!" Ile ndiyo ya wengi ilikuwa kama blanketi kubwa. Ungeweza kuingia ndani yake ukajifunika, na asikuone mtu. Yuliana alijifunika humo miaka kadhaa.

Tena safari hii palikuwa na jambo lingine. Aliyatazama macho ya mama mdogo, yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Alimwona akisinzia na kijiko mkononi. Angemwambiaje mtu aliyechoka namna ile kwamba kazi yake haieleweki? Siku moja alijaribu.

"Ma'mdogo..."

"Ee, mwanangu?"

Benedicta aligeuka taratibu, mkono umeshika shingo.

"Nikuletee chai?" Yuliana alisema.

Hata majirani waliitwa wajaribu. Mama Tunu, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuja na unga wa chapati mikononi, akaelezwa kila kitu, akaulizwa kama ameelewa. "Kabisa, mwalimu wangu! Safi sana! Mungu akuzidishie akili." Alipotoka uani, alimshika Yuliana mkono akamnong'oneza, "Hivi ile televisheni yenu mbona haina watu?"

Yuliana alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye, alipokuwa anasugua sufuria, kicheko kile kilimgeuka. Mama Tunu hakuelewa. Yeye hakuelewa. Na wote wawili walikuwa wamemwambia mama mdogo kwamba mambo ni safi.

Jumamosi ilifika. Benedicta alivaa gauni lake la kanisani, akaweka programu kwenye disketi mbili, moja ya akiba, akamchukua Yuliana. "Wewe ndiye shahidi wangu," alimwambia.

Ofisini feni ilizunguka kivivu. Mzee Kondo aliwakaribisha, akavuta kiti. Zubeda alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta, kucha zimepakwa hina.

"Haya, da Bene, nipe shule," alisema. "Lakini pole pole, mie kichwa changu cha Jumamosi."

Benedicta hakwenda pole pole. Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya aseme kama mtu anayekimbilia basi. Bonyeza hapa, chagua pale, hifadhi. "Umeelewa?"

"Nimeelewa," Zubeda alijibu.

Mzee Kondo alikohoa. "Mwenye hoteli amepiga simu asubuhi. Sasa anataka kijani. Hebu Zubeda, nipe kichwa cha habari cha kijani."

Zubeda alibonyeza kijani. Ukuta wote ukawa kijani.

"Ee! Siyo hivyo!" Akabonyeza tena kwa haraka, ili atengeneze. Maandishi nayo yakawa kijani. Akabonyeza mara nyingine, na kichwa cha habari kikafuata. Ukurasa ulikuwa kijani kitupu, kama kiwanja cha mpira baada ya masika. Hapakuwa na herufi hata moja.

Mzee Kondo alivua miwani, akasogeza uso. "Maneno yamekwenda wapi?"

"Yamo, mzee," Benedicta alisema.

"Yamo wapi?"

"Humo humo ndani ya kijani."

"Sasa mgeni wa hoteli atayasoma kwa kupapasa?"

Zubeda aliinuka kwenye kiti kama kinamchoma. "Jamani, mie nimeiua mashine ya watu."

"Hujaiua," Benedicta alisema. "Yuli, njoo uwaonyeshe. Mzee, mtoto huyu hakumaliza hata shule ya msingi, na anaijua vizuri kabisa."

Yuliana aliketi. Akavuta kipanya karibu. Akaanza mwendo wake: bonyeza juu, kisanduku cha tatu. Lakini nyumbani alianza kila mara na ukurasa mpya, ambao mama mdogo alishamwandalia. Huu ulikuwa umeshikwashikwa. Bluu haikwenda juu. Ilimwagika kwenye ukuta wote, na herufi za kijani zikaelea juu yake mpaka macho yakauma. Akajaribu kisanduku cha tano. Hali ikazidi kuwa mbaya. Mkono ukasimama.

"Endelea," Benedicta alinong'ona nyuma yake. "Si unajua? Tumefanya kila siku."

Yuliana aliachia kipanya.

Mzee Kondo alimgeukia Zubeda. "Au ni kweli umeiharibu?"

Zubeda aliinamisha kichwa. Yuliana aliona kwamba mlango uko wazi. Akinyamaza tu, kosa litakuwa la Zubeda. Mama mdogo hatajua kwamba shahidi wake alikuwa wa uongo, na yeye atarudi Mbagala kama alivyokuja. Alitazama vile vidole vyenye hina vikikunjana juu ya meza.

"Sijaelewa," alisema.

"Nani huyo? Toa sauti, binti," Mzee Kondo alisema.

"Dada Zubeda hajaharibu kitu." Sauti ilimtoka nene, hakuijua. "Ni mimi sijaelewa. Sikuelewa tangu mwanzo. Nilikuwa nakariri."

Yuliana hakuthubutu kugeuka. Alisubiri kicheko, na kicheko hakikuja. Mama mdogo alipozungumza, alizungumza taratibu, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hujaelewa nini hasa, Yuli?"

"Sijui nimeshika nini." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Nikibonyeza kichwa cha habari, kinabaki vilevile. Nikibonyeza ukuta, unabaki vilevile. Sioni nimeshika kipi. Halafu nikichagua rangi, inakwenda inakotaka yenyewe."

"Hapo hapo!" Zubeda aliruka. "Hapo hapo, mdogo wangu! Na mie ndipo nilipopotea. Nikasema nikiuliza, bosi ataniona mjinga."

"Kumbe na wewe ulisema umeelewa na hujaelewa?" Mzee Kondo aliuliza.

"Sasa bosi, mtu akikuuliza umeelewa, na jasho linamtoka vile, utamwambiaje?"

Mzee Kondo alitaka kukasirika, lakini midomo ilimcheza. Alivaa miwani yake tena, akamtazama Benedicta, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye ngazi.

"Nilisema kompyuta irudi leo."

"Ndiyo, mzee."

"Ningeambiwa mashine ni mbovu, ningeichukua. Mashine mbovu mimi siijui dawa yake. Lakini huyu binti amenionyesha kidonda kiko wapi. Nenda kakitibu. Programu irudi Jumamosi ijayo. Na mje wote wawili."

Njiani Benedicta alitangulia kwa hatua ndefu. Yuliana alidhani amekasirika, akatembea hatua moja nyuma yake. Walipofika nyumbani, Benedicta alioga, akala, akalala. Alilala mchana ule wote na umeme ukiwapo.

Kesho yake baada ya misa alimwita Yuliana mbele ya kompyuta. Safari hii hakushika kipanya. Alikaa nyuma, mikono ameikunja mapajani. "Leo sikuulizi kama umeelewa. Wewe fanya. Ukipotea, sema, hapa nimepotea. Mimi nitanyamaza."

Ilikuwa kazi ngumu kwa wote wawili, mmoja kusema na mwingine kunyamaza. "Hapa nimepotea," Yuliana alisema. Benedicta aling'ata mdomo, akaandika kwenye karatasi. "Na hapa tena." Akaandika. Mara nyingine alitaka kunyang'anya kipanya, akajizuia, akashika goti lake mwenyewe.

Wiki ile walirekebisha kidogo kidogo, kila umeme ulipowaka. Sasa ukibonyeza sehemu yoyote ya ukurasa, mstari mwekundu uliizunguka, na juu ya kioo yakatokea maneno: *Unapaka rangi kichwa cha habari.* Na ukichagua herufi za rangi ileile ya ukuta, programu ilikataa, ikakwambia: *Maneno hayataonekana. Chagua rangi nyingine.*

Wakamwita Mama Tunu. Hakuulizwa kama ameelewa. Alipewa kiti. Alipaka kichwa cha habari zambarau, ukuta akaupaka rangi ya chungwa, maandishi meusi, akageuza, akageuza tena. Chapati ziliungua jikoni. "Niacheni kwanza," alisema. "Kumbe ndiyo kazi yake hii! Si mngesema?"

Jumamosi ya pili, Zubeda alikaa mwenyewe. Benedicta alisimama mbali, karibu na dirisha. Mzee Kondo akataka kijani, akapewa kijani kwenye kichwa cha habari peke yake, na kurasa zote za hoteli zikageuka kwa pamoja kama watoto waliosikia tangazo. Akataka bluu, akapewa bluu. Zubeda alinogewa. "Bosi, kamwambie mwenye hoteli abadili mawazo tena, mie niko tayari." Kabla hawajaondoka, Mzee Kondo alimwonyesha Benedicta meza ya karibu na simu. "Jumatatu kaa hapa. Barua atachapa mwingine."

Jioni ile walikaa kizingitini, ungo wa mchele katikati yao, wakichagua mawe. Benedicta alikuwa bado na uchovu, uchovu wa wiki nyingi hauishi siku moja, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Wiki iliyopita nilikukasirikia," alisema. "Nisikudanganye. Halafu nikajikasirikia mimi. Nilikuwa nakuuliza swali lenye jibu moja tu. Mtu mwenye adabu akiulizwa umeelewa, atasema nimeelewa. Ningekuuliza umepotea wapi, ungenijibu mapema."

"Nilikuhurumia, ma'mdogo. Ulikuwa umechoka."

"Najua. Lakini sikiliza, Yuli. Ukinificha ukweli kwa kunihurumia, unanichosha mara mbili. Nilijenga wiki nzima juu ya ile ndiyo yako, kumbe chini hapana kitu. Kutoelewa si kosa. Hata mimi lugha ya zile mashine nililia nayo. Kosa ni kujifunika, maana anayejifunika hakuna anayeweza kumsaidia. Na kusema sijaelewa si kukosa adabu. Ni kumpa mwenzako kazi anayoiweza."

Yuliana aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. Akaokota jingine, akabaki nalo mkononi.

"Ma'mdogo."

"Ee?"

Neno lilikuwa tayari linageuka kuwa "nikuletee chai", kama siku ile. Akalirudisha kwenye ukweli.

"Mimi sikuacha shule kwa sababu ya mama kuugua. Mama alipona mapema, nikaambiwa nirudi, nikakataa. Nilikuwa sijui kugawanya. Tangu darasa la tatu, hesabu zote nilikuwa naitikia tu na wenzangu. Niliogopa wasije wakanijua." Alilitupa lile jiwe uani. "Sijaelewa kugawanya, ma'mdogo. Naomba unifundishe."